Laptopu Iliyonyweshwa Bia

Dada yangu Saturnina mpaka leo anasema kosa halikuwa lake. Anasema kosa ni la waliotengeneza laptopu: kwa nini waache matundu mahali ambapo mtu mwenye imani yake anamimina? Nimeacha kubishana naye. Mtu amenizidi miaka tisa na kilo thelathini, nitamshindia wapi?

Mwanangu Wara alipata nafasi ya kusomea kompyuta chuoni, hapa hapa El Alto, mji wetu wa milimani, kwenye geti lile lile ninapouza uji wangu wa mahindi ya zambarau. Nilifurahi mpaka asubuhi ile nikawagawia wateja maandazi ya bure. Kisha nikaisoma karatasi ya chuo mpaka chini. Pale chini waliandika kwa herufi nene kwamba kila mwanafunzi aje na laptopu yake, na asiyekuwa nayo ikifika wiki ya pili ya masomo, nafasi yake atapewa mwingine.

Basi mwezi wa kwanza, siku ya maonyesho ya vitu vidogo, ambapo ukinunua mfano mdogo wa unachokitamani, kikubwa chake kitakufuata mwaka huo huo, nikafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili timamu. Saa sita kamili mchana nikamnunulia Wara laptopu ya ukubwa wa kiberiti, nikaipitisha kwenye moshi wa ubani, nikamkabidhi.

"Mama, hii haina hata chaji," akacheka.

"Nyamaza. Itakua."

Ikakua. Mwezi haujaisha, kaka yetu Fermín aliyeko Buenos Aires akatuma ya kwelikweli, nyeusi, imeviringishwa ndani ya sweta tatu. Wara akaacha kucheka. Alikuwa akilala nayo kando ya mto, na asubuhi anaifuta kwa kitambaa cha miwani ya babu yake.

Ikaja Jumanne ya kanivali, siku ya kuvishukuru vitu tulivyojaliwa. Siku ile tunamimina bia kwenye pembe za nyumba, mlangoni, kwenye magurudumu, kwenye jiko langu la gesi. Mama Ardhi anakunywa kwanza, ndipo sisi. Dada Saturnina ana basi dogo analolimiminia kila mwaka na halijawahi kugonga hata kuku, kwa hiyo ndiye mkuu wa shughuli. Alifika na kreti ya bia, karatasi za rangi shingoni, kofia imelala upande.

"Na hii?" akauliza, akiinyooshea laptopu kidole.

"Hiyo iache, mama mkubwa!" Wara akapiga kelele kutoka jikoni.

"Niiache? Zawadi imetoka Buenos Aires, imevuka mpaka haijaibiwa, halafu isishukuriwe? Unataka iondoke kama ilivyokuja?"

Na mimi, nasema kwa aibu, nikasema, "Kidogo tu, dada. Tone moja."

Dada Saturnina hajui tone. Tone lake linaosha basi. Aliifungua laptopu, ikawaka, akamimina kutoka kushoto kwenda kulia huku akiitaja kwa majina milima yote mikubwa inayotulinda, na kila mlima ukapata fungu lake. Povu likapanda katikati ya herufi. Akarushia na karatasi za rangi, zikanata. Skrini ikawa ya bluu, kisha nyeusi.

"Imepokea," dada akatangaza.

Wara hakulia. Aliichukua, akaigeuza kichwa chini juu ya sufuria, akaketi kuitazama bia ikidondoka. Hapo ndipo moyo uliniuma kweli, maana yule mtoto hulia hata mbwa wa jirani akikohoa. Wiki mbili zilibaki kabla ya siku ya mwisho ya chuo, na hakukuwa na mahali popote ambapo ningepata laptopu ya pili.

Alijaribu. Kila siku alizilegeza skrubu zake kwa kisu changu cha viazi, akaisafisha kwa spiriti na mswaki, akaifunga. Haikuwaka. Alifungua na kufunga mpaka akawa anaweza kuifanya kazi ile huku anabishana na mama yake mkubwa, na kubishana na yule mwanamke ni kazi ya watu wawili.

Wiki ya pili ya masomo, Injinia Arandia, mwalimu wao, aliingia darasani akasema, "Laptopu mezani!" Zikatolewa thelathini na tisa. Wara akatia mkono mfukoni, akaweka mezani ile ya kiberiti.

"Hii ni nini, binti?"

"Laptopu, Injinia. Karatasi haikutaja ukubwa."

Darasa likaangua kicheko. Hata midomo ya Injinia ilicheza, lakini alimwambia kesho amlete mzazi.

Akapata wawili, mimi na dada. Tulivaa kofia zetu za sikukuu, na marehemu laptopu nilimbeba mgongoni kwa kitambaa nilichombebea Wara mwenyewe alipokuwa mchanga.

"Mama, mtoto wako ana kichwa kizuri, silikatai," Injinia alianza. "Lakini kompyuta haisomwi kwa kuota."

"Na wale wa miaka ya nyuma walisomaje? Si kwenye maabara yenu? Niko getini hapo miaka kumi na moja, mwalimu. Kompyuta ishirini niliziona zikishushwa kwenye lori."

"Maabara iko kwenye ukarabati."

"Ukarabati gani wa mwaka mzima, na hakuna fundi hata mmoja aliyekuja kunywa uji wangu?"

Akakohoa. Akakimbilia swali lingine. "Na laptopu ya binti ilipatwa na nini?"

Nilimfinya dada yangu. Nilichelewa.

"Tuliishukuru," akasema.

"Mliishukuru?"

"Kwa bia."

Injinia akavua miwani. Akainuka, akafunga mlango wa ofisi, akashusha sauti. "Chupa ngapi?"

"Moja," dada akasema. Nikamtazama, akajirekebisha. "Moja na nusu."

Nilingoja atucheke, na ulimi wangu nilikuwa nimeshaunoa. Badala yake masikio yalimwiva mekundu. Akavuta droo, akatoa ufunguo. "Njooni. Na binti aje."

Kwenye mlango wa maabara palikuwa na karatasi ya ukarabati iliyokwisha kuwa ya njano. Alipofungua, tulipokelewa na harufu. Hakuna mtu wa El Alto asiyeijua harufu ya bia iliyolala. Karatasi za rangi zilizochujuka zilining'inia darini, na kompyuta zote ishirini zilikuwa na maua makavu kichwani.

"Kanivali ya mwaka jana," Injinia akasema kwa sauti ya mtu anayeungama. "Mkuu wa kitivo alitaka aanze yeye. Kreti tatu. Kompyuta zilikuwa zimewashwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia."

"Hata wewe?"

"Mimi nilishika chupa ya pili."

Dada Saturnina alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilianza kucheka, kisha nikaikumbuka ile karatasi ya herufi nene.

"Kwa hiyo mkaandika watoto waje na zao."

"Tungeandika nini, mama? Kwamba tumezilewesha?"

"Na mwaka jana waliondoka wangapi kwa kukosa?"

Alizihesabu funguo zake, na zilikuwa mbili tu.

"Saba."

Dada yangu akavua kofia, jambo ambalo sijaliona tangu tumzike baba yetu. Mimi nilikasirika. Saba walipita mbele ya meza yangu na mabegi yao, wakidhani umaskini wao ndio uliowatoa, kumbe ni haya ya watu wazima.

"Utawaandikia," nikamwambia. "Mmoja mmoja. Na utawaambia ukweli, bia na yote."

"Mama, mkuu wa kitivo..."

"Mkuu wa kitivo hunywa uji kwangu kila asubuhi. Nimweleze mimi, mbele ya foleni nzima?"

"Nitaandika," Injinia akasema.

Wara hakuwa akitusikiliza. Alikuwa ameshaingia chini ya meza ya kwanza, kisu cha viazi mkononi, anachungulia ndani ya sanduku.

"Injinia, kuna fundi aliyezifungua hizi?"

"Hapana. Tuliogopa angetangaza."

"Basi nyingi zitapona. Ile yangu ilinyweshwa chupa nzima..."

"Na nusu," nikasema.

"...na ni nyembamba, kila kitu kiko chini ya herufi. Hizi za mezani zimekufa kibodi tu. Na za masanduku yaliyolowa, tutachukua vipande tuviweke kwenye nyingine. Nahitaji spiriti. Na miswaki."

Injinia alichuchumaa pale chini na suruali yake iliyopigwa pasi, akamshikia tochi. Wiki ile hakuna aliyempa mwingine nafasi ya Wara. Kufikia Ijumaa ziliamka kumi na tatu, na mpaka mwisho wa mwezi kumi na sita. Wara anatumia ya nne kutoka dirishani. Ikipata joto inanuka bia, na mwanangu haisikii harufu hiyo, wenzake ndio wanalalamika.

Barua saba zilitumwa. Walirudi wanne. Mmoja wao hunywa uji kwangu kabla ya darasa na kila siku ananiuliza kama ni kweli kuhusu zile kreti tatu, na kila siku namsimulia upya. Watatu hawakurudi. Mmoja yuko mgodini, mmoja amehamia Chile, na wa tatu barua yake ilirudi haijafunguliwa.

Kanivali iliyofuata, chuo kilimwalika dada Saturnina amimine, maana Injinia alisema ni afadhali kosa lifanywe na mtaalamu. Wara alisimama mbele ya kompyuta mikono ameitandaza kama golikipa. Dada akageuza kofia nyuma, akaelekea kizingitini, mahali ambapo hakuna cha kuharibika.

"Primitiva," akaniuliza, "tone moja?"

Niliwafikiria wale watatu wasiorudi. Nikamwambia safari hii amimine chupa nzima, kwa ajili yao.