Mdhamini wa Sitara

Wanafunzi wa kidato cha sita wakirudi kutoka likizo ya Desemba, huwa nawaita mmoja mmoja kwenye chumba changu cha ushauri. Nakiita chumba, lakini ni stoo ya zamani ya mipira na jezi. Dirisha lake linatazama uchochoro ambako maduka ya Kariakoo hupakua mizigo, kwa hiyo tunazungumza mustakabali wa mtoto huku nje wapagazi wanapaza sauti, "Njia! Njia jamani!"

Swali langu la kwanza ni lile lile: ukimaliza, unataka kazi gani? Wanaosoma Fizikia, Kemia na Biolojia hujibu daktari. Wa Historia na lugha hujibu mwanasheria. Wa Uchumi na Hesabu hujibu mhasibu, au benki. Watoto wa mjini kabisa, wamezaliwa katikati ya watu wanaofanya kazi za kila namna, lakini ukiwauliza kazi utadhani duniani zipo tatu tu.

Sitara Mrisho naye alijibu daktari, tena haraka, kama anayejibu jina lake kwenye mahudhurio.

Nilikuwa namfahamu vizuri. Msichana mrefu, mkimya, wa kukaa mbele darasani. Baba yake, Mzee Mrisho, ni mpagazi hapa hapa sokoni; amebeba mizigo ya watu tangu Sitara hajazaliwa. Wanaishi Buguruni, chumba na sebule ya kupanga.

"Kwa nini daktari?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ya baba, madam."

Akanisimulia. Alipokuwa kidato cha tatu, baba yake aliteleza kwenye ngazi za ghorofa moja akiwa amebeba robota la vitenge, likamwangukia mgongoni. Hakuweza kusimama. Kwa miezi alilala chali akigeuzwa na mke wake, na Sitara akitoka shule anampeleka hospitali kwa bajaji.

"Na daktari alimfanyia nini?"

"Alimpima, akampiga picha, akamwandikia dawa za maumivu."

"Akapona?"

Sitara akafikiri. "Hapana. Aliyemponya ni yule dada wa mazoezi."

"Dada gani?"

Hapo yule mtoto mkimya akabadilika. Akasogeza kiti. Akaniambia kuhusu chumba chenye mikeka, vyuma vya kushikilia na mipira mikubwa, na mwanamke mmoja aitwaye Zena aliyemfundisha baba yake kukaa upya, kisha kusimama, kisha kutembea. Alikumbuka kila zoezi. Alikumbuka mguu upi ulianza kupata nguvu. Alisema alikuwa akirudi nyumbani anamsimamia baba yake arudie yale yale, na siku baba alipotembea mwenyewe kutoka kitandani hadi mlangoni, mama yake alikaa chini akalia.

"Zena ana cheo gani?" nikauliza.

"Sijui, madam. Sisi tulikuwa tunamwita sista tu."

"Anaitwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ni shahada kamili, inasomewa chuo kikuu. Na masomo yako yanaingia."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa mtaa anaopita kila siku una jina.

"Kumbe inasomewa?" akasema. Kisha akaongeza, "Basi madam, naomba unitolee maelezo yake nikasome."

Wiki iliyofuata Mzee Mrisho alikuja shuleni. Alikuwa ametoka kazini, bega lina vumbi la magunia, kofia ameivua na kuishika mkononi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwalimu," lakini hakukaa nilipomkaribisha kiti.

"Mwalimu, nimesikia mtoto ameacha udaktari."

"Hajaacha kitu, mzee. Bado anachagua."

"Wenzangu wote pale sokoni wananiita baba daktari. Hata Mangi ananiita hivyo." Mangi ndilo jina wanalomwita Gaudens, mfanyabiashara wa jumla wa vitenge, Mchaga wa Kibosho, ambaye Mzee Mrisho amembebea mizigo miaka mingi. "Sasa nitawaambia nini? Hiyo kazi nyingine ni ya chini?"

"Mzee, wewe uliumia mgongo. Nani alikuinua?"

Akaweka kofia juu ya meza yangu.

"Zena," akasema. "Yule mtoto ana roho nzuri. Nilimtukana siku ya kwanza, nilikuwa na maumivu. Akasema, baba tukimaliza kutukana tuinue mguu." Akacheka mwenyewe. Kisha, bila mimi kumwomba, akasogea katikati ya chumba, akanyoosha mikono, akachuchumaa mgongo ukiwa wima, akainuka taratibu. "Unaona hivi? Hivi ndivyo alivyonifundisha kuinua mzigo. Zamani nilikuwa nauinua kwa kiuno, nilikuwa najiua. Vijana pale sokoni nawaambia kila siku."

"Sitara anataka kuwa mtu wa kufundisha hivyo."

Alibaki amesimama, akitazama uchochoro kupitia dirishani. Kijana mmoja alikuwa anapita na marobota mawili kichwani, shingo imezama mabegani.

"Sikuwa nimelielewa hilo," akasema. "Alivyoniambia nyumbani nilisikia kuacha tu." Akachukua kofia yake. "Mwandikie hiyo, mwalimu. Nitawaambia wenzangu mwenyewe."

Mei wakafanya mtihani, Julai matokeo yakatoka. Sitara alipata daraja la kwanza. Kwa ufaulu ule angeweza kuomba udaktari kama angetaka, na walikuwepo walimu wenzangu walionijia juu, wakisema nimempotosha mtoto mwenye akili. Mmoja aliniambia nimeipunguzia shule daktari. Nikamwita Sitara, nikamuuliza tena mbele ya mwalimu huyo, nisije nikawa nimemsukuma.

"Mwalimu," Sitara akamjibu kwa heshima, "madaktari wa baba yangu walikuwa wengi, na nawashukuru. Zena alikuwa mmoja, na foleni yake ilitoka nje ya mlango. Mimi naenda kule kwenye foleni."

Yule mwalimu akampa mkono. Tukaomba fiziotherapia, chuo cha Moshi.

Ukabaki mkopo wa serikali, maana bila huo safari ya Moshi ingeishia stendi. Nyaraka nyingi zilikuwa tayari, kwa sababu huwa nawaanzisha wanafunzi wangu kufuatilia cheti cha kuzaliwa na uhakiki wake mapema, kabla ya mtihani. Kilichokuwa kimebaki ni mdhamini: mtu wa kutia saini kwamba anamfahamu mwombaji na anasimama nyuma yake, na kuweka picha yake na kitambulisho.

Sitara alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya chini.

"Madam, baba amesema mdhamini awe Mangi."

"Kwa nini?"

"Anasema Mangi ana duka, ana leseni. Anasema serikali ikiona mpagazi, itanicheka."

Nikamwambia ukweli: mzazi mwenye kitambulisho anatosha, hakuna anayeulizwa kama ana duka. Lakini pia nikamwambia kuwa Gaudens anaruhusiwa, na uamuzi ni wa familia. Akaniomba nifike dukani kwa Mangi kesho yake.

Duka la Gaudens liko Mtaa wa Kongo, jembamba na refu, vitenge vimepangwa hadi darini. Nilimkuta Gaudens amevaa shati lililopigwa pasi, kitambulisho na picha vipo mezani, amejiandaa kabisa. Ni mtu mzuri. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Mzee Mrisho alipoumia, aliyekuwa akipeleka unga na mafuta Buguruni ni yeye.

"Mwalimu, karibu sana," akasema. "Leo namdhamini binti yangu. Sehemu ya kusaini iko wapi?"

Mzee Mrisho alikuwa amekaa kwenye robota karibu na mlango, anatabasamu, ameridhika. Sitara alikuwa amesimama katikati yao, karatasi mkononi. Hakumpa Gaudens.

"Mangi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nashukuru sana. Mlitulisha sisi. Sitasahau maisha yangu yote. Lakini mdhamini wangu ni baba."

Mzee Mrisho akainuka. "Sitara! Tulishazungumza."

"Ulizungumza wewe, baba. Mimi nilinyamaza." Hakushusha macho. "Hapa wameandika mdhamini ni mtu anayemfahamu mwombaji na yuko tayari kumsimamia. Nani amenisimamia? Ada ya tuisheni ulilipa kwa mizigo ya hicho kichwa chako. Ulivyokuwa huwezi kutembea, uliniambia nisikose shule, nikuache peke yako na chupa ya maji mama akiwa ametoka. Baba, kama serikali itacheka, wacha icheke. Mimi jina nitakaloandika ni lako."

Wateja wawili waliokuwa wakipekua vitenge wakaacha kupekua. Mzee Mrisho akageuka kumtazama Gaudens, kama anayeomba radhi.

Gaudens alichukua picha yake na kitambulisho, akavirudisha mfukoni polepole. Nilidhani amekasirika. Kisha akaegemea meza, akasema kwa sauti nzito, "Baba Sitara, mimi watoto wangu nimewasomesha shule za gharama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisemea hivyo mbele za watu." Akamgeukia kijana wake wa dukani. "Aaron! Lete lile koti langu la kwenye kabati. Huyu mzee anaenda kupiga picha."

Koti lilimzidi kidogo mabegani. Tulikwenda wote studio ya jirani, Gaudens akiliacha duka kwa Aaron, jambo ambalo huwa halifanyi saa za biashara. Mpiga picha alimwambia Mzee Mrisho ainue kidevu. Akakiinua. Alipoambiwa anyooshe mgongo, Sitara akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema, "Huo umenyooka, kaka. Piga tu."

Kutoka hapo tulikwenda kwa wakili wa kugonga muhuri. Mama mmoja mwenye miwani, anayefanya kazi bila kuinua kichwa. "Jina la mdhamini?"

"Mrisho Bushiri."

"Uhusiano na mwombaji?"

"Baba yake mzazi."

"Kazi?"

Mzee Mrisho akatutazama. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila aliyekuwa ndani ya ofisi ile alisikia, "Mpagazi. Soko la Kariakoo."

Yule mama akainua kichwa, akamtazama, akamtazama na Sitara. "Na binti anaenda kusomea nini?"

"Fiziotherapia," akajibu Mzee Mrisho. Alilitamka neno zima bila kujikwaa. Baadaye Sitara aliniambia amekuwa akilifanyia mazoezi njiani kutoka Buguruni. "Ni wale wanaowainua watu wasimame."

"Hongera, baba," akasema mama wa miwani, akagonga muhuri.

Chuo kilimchagua awamu ya kwanza. Mkopo nao ukatoka. Sitara alinipigia akipiga kelele hata sikumwelewa, na nyuma yake nikasikia mama yake akipiga vigelegele, na majirani wakiitikia. Gaudens alipojua ni Moshi, kwao, aliona kama ni yeye aliyepata. Akampigia dada yake Severa anayeishi karibu na chuo, akamwagiza ampokee mtoto stendi na asimwache alale popote pengine hadi apate chumba. "Atakunywa mtori wa ndizi mpaka aombe pilau," akaniambia.

Wiki aliyoondoka Sitara, nilimpitia Mzee Mrisho sokoni kumpa pole ya kubaki bila binti yake. Hakutaka pole. Alikuwa amezungukwa na wapagazi vijana, akiwaeleza mwanawe atakachosoma mwaka wa kwanza, mifupa kwanza, halafu misuli, na mmoja akimbishia alikuwa akimshika bega na kumwonyesha msuli wenyewe.

Januari hii nilifanya kikao cha wazazi wa kidato cha sita. Wengi walikuja wakiwa na hofu zile zile ninazozijua: hatuna kitu, hatujasoma, hatujui hata pa kuanzia. Nilikuwa nimemwomba Mzee Mrisho aje. Alikuja amevaa shati lake mwenyewe, safi, akasimama mbele ya watu bila karatasi.

Hakuhutubia. Alisema tu jina lake na kazi yake, akaeleza mtoto yuko wapi na anasoma nini. Akawaambia wafuatilie vyeti mapema, wasingoje matokeo. Akawaambia wawaulize watoto wao wanataka kufanya nini, halafu wanyamaze wasikie, maana yeye karibu akosee hapo.

Mama mmoja, muuza samaki wa soko la Feri aitwaye Maimuna, akanyoosha mkono. "Kaka, mimi mwanangu anasema anataka kusomea mambo ya ramani. Hiyo nayo ni kazi?"

"Mlete kwa mwalimu," Mzee Mrisho akasema. "Lakini kwanza niambie, ameanza lini kupenda ramani?"

Akavuta kiti, akakaa mbele ya yule mama. Wazazi wengine nao wakaanza kusogeza viti vyao upande ule, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na swali lake. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kikao kile. Niliyaweka kando, nikaenda jikoni kuagiza chai iongezwe.