Sifuri Tisini na Nne

Barua niliikuta imepenyezwa chini ya mlango wa duka. Mwanangu ndiye aliyeiona kwanza, maana siku hizi anatambaa na kila kilicho sakafuni ni mali yake. Nilipomnyang'anya, kona moja ilikuwa imeshalowa mate.

Ilitoka ofisi ya kodi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Mashine yangu ya risiti, walisema, imetuma mauzo sifuri siku tisini na nne mfululizo, ilhali duka linaonekana wazi kila siku. Wana shaka kwamba nauza bila kutoa risiti. Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba na nipeleke kumbukumbu zote za duka. Nisipofanya hivyo, watanikadiria kodi sawa na ya mwaka jana. Mwaka jana tulikuwa wawili. Ili kuilipa peke yangu ningelazimika kuuza cherehani, na bila cherehani ningebaki fundi wa nini?

Mwenzangu alikuwa anakata, mimi nashona. Wateja walimwita Mkasi. Mtu akiingia tu mlangoni, yeye keshajua kiuno chake. Mimi ukiniwekea kitambaa kizima mezani, mikono inakufa ganzi. Alihama kumfuata mumewe, akaahidi kupiga simu akifika. Tangu hapo namba yake haipatikani. Wateja walikuja wiki ya kwanza, wakauliza, "Mkasi yuko wapi?" kisha wakaondoka na vitambaa vyao.

Pango lilikuwa limeshalipwa la mwaka mzima. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa. Nyumbani anaonekana siku mbili kwa mwezi, na hizo mbili analala. Kwa hiyo kila asubuhi nilimbeba mtoto, nikaenda kufungua. Jioni nilibonyeza mashine kufunga siku, kama Mkasi alivyonifundisha. Inanguruma kidogo, inatoa kikaratasi: mauzo sifuri, asante, karibu tena. Kuna siku hilo ndilo neno pekee nililoambiwa tangu asubuhi.

Nilitoka na barua mkononi hadi kwa fundi viatu, jirani yangu wa ukuta mmoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa?"

Nikamsomea.

"Aa, andika biashara ngumu! Wote tunaandika hivyo. Mimi niliandika hivyo hata mwaka ule nilionunua pikipiki."

"Wataniuliza, kama ni ngumu mbona sifungi."

Akaacha kugonga. "Kweli, mbona hufungi?"

"Baba, na wewe!"

"Nauliza tu, binti. Mimi nafaidika ukiwepo. Naazima uzi."

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alikuwa akisema barua ya ofisi haina machozi: sema nini, sema lini, sema kwa nini, tia sahihi. Nini na lini viliteremka vyenyewe. Kwenye kwa nini nikakwama. Niliandika, "Nilikuwa nikisubiri hali ya soko ibadilike." Nikaikata, maana soko halikunikosea kitu. Karatasi ya tatu niliandika, "Nilifungua duka kila siku kwa sababu nyumbani hakuna mtu." Nikatia sahihi, nikamsomea mwanangu, akapiga makofi. Anapigia makofi hata mlango ukifungwa.

Kumbukumbu zangu zote zilikuwa kwenye kopo la biskuti: vikaratasi tisini na vinne, hata kimoja sijakitupa. Nikalitia kopo kwenye begi la nepi, nikaenda.

Afisa aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alisoma barua yangu bila kubadilisha uso. Akafungua kopo, akashika kikaratasi cha kwanza, cha pili, cha kumi.

"Hizi mbona tupu?"

Nikainama nione. Kopo lilikaa dirishani bila mfuniko miezi mitatu, jua likilipiga. Wino wa mashine hauvumilii joto; sifuri zangu zote zilikuwa zimefutika. Sikuwa nimejua, kwa sababu upande ule sikuwa nautazama.

"Na huku nyuma?" Akakigeuza.

"Hayo siyo ya ofisi, mama. Naomba..."

Lakini keshaanza kusoma, kwa sauti ya chini. "'Tarehe nane. Hakuna aliyekuja. Mtoto ameota jino la pili, kaniuma nalo. Ungecheka.'" Akachukua kingine. "'Tarehe kumi na tisa. Yule mama wa vitambaa vya maua kaja, kakuulizia. Nimemwambia unarudi.' Anaandikiwa nani?"

"Mwenzangu. Aliyekuwa anakata."

"Anazipata?"

"Sijui anakoishi."

Watu wa foleni wakaanza kukohoa. Yeye akaendelea kugeuza, kimoja kimoja. "'Hakuna aliyekuja. Nimepanga nyuzi upya kwa rangi.' Mara tatu umepanga nyuzi kwa rangi."

"Nne," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akagonga muhuri kwenye barua yangu. "Zina tarehe, na zinaeleza kilichotokea dukani. Maelezo yamekubaliwa. Hukadiriwi kitu. Ila hizi zinabaki kwenye faili."

"Zote?"

"Zote, binti. Ndizo zinazokulinda."

Akanisogezea fomu yenye visanduku viwili. "Duka limesimama, au linaendelea? Likiwa limesimama hubonyezi mashine, hudaiwi barua. Unakaa zako nyumbani unalea."

Alisema kwa wema kabisa. Mimi nikaiona nyumba: kitanda, sufuria mbili, saa ya ukutani inayosikika hadi bafuni. Nikatia alama kwenye linaendelea.

"Ukituma sifuri tena nitakuita."

"Niite, mama."

Kesho yake asubuhi, kabla sijamlaza mtoto, fundi viatu aliingia na aproni yake kuukuu na kipande kipya cha turubai begani.

"Nikatie nyingine kama hii."

"Baba, unajua sijui kukata."

"Kwani mimi nina kiuno cha kupima? Laza ya zamani juu ya mpya, zungushia chaki."

Nikalaza, nikazungushia. Mkasi mkubwa, ule aliouacha mwenzangu, ulikuwa mzito kuliko nilivyoukumbuka. Nilikata nimebana pumzi. Nikashona mapindo na kamba, akaivaa, akajitazama.

"Upande mmoja umezidi."

"Nirekebishe?"

"Acha. Ndiyo upande wa nyundo."

Akalipa, nikabonyeza, risiti ikatoka. Mkono wangu ukaigeuza wenyewe, ukashika kalamu.

"We! Lete risiti yangu," akasema. "Ofisi isije ikaniletea barua na mimi."

Nikampa, nyuma ikiwa nyeupe.

Jioni nilifunga siku. Kikaratasi kikatoka na namba. Nikakigeuza, nikaandika tarehe, kisha: "Leo nimekata. Upande mmoja umezidi." Nikakitia koponi, peke yake, nikafunika mfuniko, nikaliondoa kopo dirishani.