Divai ya Shamba la Juu

Kuna watu Mungu amewaumba na nyayo zinazowasha. Ukimkalisha anasimama, ukimsimamisha anatembea, na ukimwambia asubiri ni kama umemwambia augue. Ndivyo alivyokuwa binti wa shamba la zabibu. Ndugu zake waliliacha jina alilopewa na wazazi wakamwita Kiguu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia tangu alipojua kusimama.

Na mwaka ule, katika kazi zote za dunia, akapewa kazi ya kungoja.

Mambo yalikuwa hivi. Shamba lao lina sehemu mbili. Chini, karibu na barabara, kuna mizabibu mipya aliyoipanda kaka yake, imenyooka kwenye nyaya kama watoto wa shule mstarini, na inazaa mpaka wavunaji wanaomba poo. Juu, kwenye mawe, kuna mizabibu mikongwe aliyoipanda babu yao. Mashina yamejikunja, magome yamepasuka, na mengine yameinama mpaka chini kama mtu anayetafuta sindano. Hapo mti ukikupa kikapu, shukuru. Punje zenyewe ndogo, ngozi nene, nyeusi ti.

Kaka alisema ing'olewe, ipandwe mipya. "Mti usiozaa ni kuni," alisema, na hakuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akivunjika mgongo kupanda kule juu.

"Unaihukumu hata hujaionja," Kiguu akamjibu.

Na kweli, hakuna aliyekuwa ameionja. Tangu enzi za babu, zabibu za juu zilichanganywa na za chini ili kuitia divai nguvu na rangi. Zilikuwa kama chumvi kwenye mchuzi: kila mtu anaijua ikikosekana, lakini hakuna anayeila peke yake.

Mama yao akachoka na kelele, akawakalisha. Zabibu za juu zikamuliwe peke yake, zitiwe kwenye pipa moja, na lisiingie hata tone la divai nyingine. Ikikomaa, aitwe Bwana Pua aje kuonja. Huyo alikuwa na duka la divai mjini, na jina alilipata kwa kazi ya pua yake, si kwa ukubwa wake. Akisema ataichukua, mizabibu mikongwe ibaki. Akikataa, mashine ya kung'olea iingie. Kaka alikubali, na kesho yake akaenda kuzungumza na mwenye mashine, ili mambo yawe tayari.

"Huyo haamini kama utashinda," mama alimwambia Kiguu.

"Sihitaji aamini."

"Basi kaa utulie."

Kutulia! Wiki hazijapita nyingi, Kiguu akaingia ghalani na mrija na glasi, akafungua kizibo, akavuta kidogo. Kidogo tu, ajue mtoto anaendeleaje.

Divai ile ilimjaa mdomo mzima. Ilikuwa nzito, kama mtu mnene anapoingia chumba kidogo na kila mmoja akalazimika kusogea. Kwanza zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, halafu kitu kama moshi, halafu ukakasi ulioshika ulimi kama mgeni anayekuaga huku hakuachii mkono. Aliimeza akabaki ameduwaa mbele ya pipa.

Siku iliyofuata akajiuliza: ile ilikuwa kweli, au ni mapenzi yake tu? Akarudi. Siku hiyo ukakasi ulikuwa mwingi, zambarau hazikusikika. Akakosa raha, akarudi tena. Ikawa nzuri. Akaenda kufagia uani, akaacha ufagio katikati ya uani, akarudi ghalani. Akawa kama mtu aliyeweka maji motoni, kila dakika anafunua kifuniko aone kama yamechemka.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyoachwa na marehemu baba: pipa halilali na njaa. Ukichota, rudisha kiasi kile kile cha divai, lijae mpaka mdomoni, maana pakibaki nafasi hewa hukaa, na hewa ndiyo mama wa siki. Kiguu aliijua sheria hii kabla hajaijua hesabu. Lakini arudishe nini? Divai ya juu ilikuwa pipa lile tu, na ya chini wamekatazwa. Basi akawa anachota na kufunga, anachota na kufunga, akijiambia ni tone tu.

Zikiwa zimebaki siku mbili Bwana Pua afike, alifungua kizibo, na kabla hajashusha mrija, pua yake ikachomwa. Siki. Akachungulia kwa tochi: divai ilikuwa imeshuka mbali, na juu yake umetanda utando mweupe kama ukungu wa mkate uliosahauliwa.

Alizunguka ghala lile huku ameshika kichwa, akatoka nje, akaingia, akatoka. Mwishowe miguu ikampeleka jikoni.

"Mama, nimeliua."

Mama alikuwa anachambua mchele, hakunyanyua macho. "Nani tena?"

"Pipa."

Sasa akanyanyua macho. Kiguu akamweleza yote akiwa amesimama, anahamisha uzito mguu huu na mguu huu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasukuma ungo pembeni.

"Nenda mtoni ulete kokoto. Za mviringo, ngumu, zisizo na mchanga. Tuzichemshe."

"Kokoto, mama? Divai imechacha wewe unanipikia kokoto?"

"Huna divai ya kujaza, jaza mawe. Yakizama, divai itapanda. Uchafu uko juu. Utatokea mdomoni wenyewe tuufute. Chini huenda pamesalimika. Na kama hapajasalimika, angalau utakuwa umefanya kitu, maana naona usipopewa kazi utanibomolea nyumba."

Wakachemsha, wakasuuza, wakaacha zikapoa. Wakaanza kuzitumbukiza moja moja, tubwi, tubwi, polepole ili divai isivurugike. Kiguu alitaka kumwaga beseni zima, mama akampiga kofi mkononi. Beseni likaisha. Divai ilikuwa bado iko mbali na mdomo. Kiguu akakimbia mtoni, akaleta la pili. Nalo likaisha.

Mama akaweka mikono kiunoni. "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Wewe ni mlevi?"

"Mama! Nilikuwa nachota kiasi cha kifuniko cha chupa."

"Kifuniko hakimezi mabeseni mawili ya mawe. Au una mwenzio."

"Mwenzangu nani? Labda panya."

"Panya anayefungua kizibo na kukirudisha vizuri, huyo mpe kazi."

Beseni la tatu ndilo lililoinua utando mpaka mdomoni. Ulimwagika kidogo ubavuni mwa pipa, wakaufuta kwa kitambaa safi mara nyingi mpaka ikaja divai nyekundu tupu. Kiguu akataka kuonja. Mama akakaa juu ya kizibo, kabisa, kama kuku anayeatamia, na hakuondoka mpaka binti alipotoka nje.

Bwana Pua akafika siku yake, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Hakutaka chai. Walimvutia divai kutoka bombani, chini ya pipa. Kaka alikuwa amesimama kando ya meza, kofia mkononi. Mama amekaa kwenye kreti. Kiguu hakuweza kukaa wala kusimama. Alikuwa anaifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mgeni akaizungusha glasi. Akanusa. Akazungusha tena. Akanywa, akaiacha mdomoni, akaizungusha shavu hili na shavu hili, akatazama dari. Akatema kwenye ndoo. Akanywa tena, na safari hii hakutema.

"Bwana, sema basi!" Kiguu akaropoka.

"Dada, ndiyo kwanza inanisalimia."

Akanusa mara ya mwisho. Kisha akaweka glasi mezani.

"Divai hii ina mwili," alisema. "Muda mrefu sijakutana na kitu kinachokaa mdomoni hivi. Lakini kwa pembeni, mwishoni kabisa, kuna siki. Pipa hili liliachwa na njaa. Siwezi kuiweka dukani ikiwa na jeraha. Samahanini."

Kitambaa kikamtoka Kiguu mkononi. Alitazama chini, akaona kiko kwenye kiatu cha kaka yake. Alijua mwenye mashine anangoja kuitwa tu.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuwa nikilifungua. Karibu kila siku. Kaka, usiilaumu mizabibu, nilaumu mimi. Ilikuwa nzuri. Ningeiacha ingekuwa nzuri mpaka leo."

Kaka akakohoa, akaigeuza kofia yake mkononi.

"Si yeye peke yake."

Mama akajifanya anatafuta kitu chini ya kreti.

"Nilikuwa napita hapa asubuhi," kaka akaendelea, "kabla ya kwenda kwenye trekta. Nilitaka nipate kosa lake. Nikawa nalitafuta. Leo silioni, nasema kesho nitaliona." Akamtazama mdogo wake kwa aibu. "Mimi nilikuwa natumia kikombe."

"Kikombe!" Kiguu akapiga yowe. "Mwizi wewe! Mimi najinyima tonetone nadhani nakunywa sana, wewe unashusha kikombe?"

"Kidogo kile. Cha kahawa."

Bwana Pua akacheka mpaka akashika meza. Akaomba ajaziwe glasi, akanywa, akaaga. Langoni akasema mwakani apigiwe simu, ila pipa lipewe mlinzi.

Mwakani. Lakini makubaliano ni makubaliano: mnunuzi amekataa, na hakuna aliyelisahau hilo. Gari lake lilipotokomea, kaka alichukua simu, akaingia nayo ndani. Kiguu alibaki uani, anakwenda kwenye bomba la maji, anarudi, anakwenda langoni, anarudi. Ndani sauti haikusikika. Alitamani aweke sikio mlangoni, akajizuia, akaliweka, akaliondoa.

Kaka akatoka. Alipita akiwa ameshika mkasi wa kupogolea na msumeno mdogo, akashika njia ya mlimani.

Kiguu akasimama akimwangalia mgongo. Mtu hapogoi mti anaotaka kuung'oa kesho. Akalirudia neno hilo moyoni, alipime, kisha miguu ikamshinda, akapanda mbio kwenye mawe huku anaita, "Kaka! Kaka, ngoja, ule wa pembeni usiukate sana!"

"Nisaidie au nyamaza," alijibu bila kugeuka, naye tayari amepiga goti kwenye shina la kwanza.

Kiguu akapiga goti upande wa pili, akashika matawi.

"Mwaka mzima, kaka."

"Mwaka mzima," akasema. "Na ufunguo wa ghala anao mama."

"Wewe umempa?"

"Amechukua mwenyewe. Shika vizuri, utanikata kidole."