Glasi ya Mama wa Binti

Émérance aliinua chupa juu ya kichwa, akashusha glasi hadi usawa wa nyonga, akamimina. Uzi mwembamba wa maji ulishuka, ukagonga glasi kwa ndani, ukarusha mapovu. Tone moja lilimponyoka na kuangukia kiatu chake kipya. Ilikuwa chupa tupu aliyoijaza maji ya bomba kwa ajili ya mazoezi, hapo jikoni kwenye ukumbi wa parokia huko Evere, kitongoji cha Brussels.

Alikuwa na haki ya kufanya mazoezi. Wazee wa mchumba, Josias, walikuwa njiani kuleta mahari ya binti yake, Darlène, na katika ukoo wa Émérance wakwe hawawekewi kinywaji mezani hivihivi. Chupa hufunguliwa mbele ya macho yao. Mama wa binti huonja kwanza, ili wageni wajue kilichomo ni salama na nyumba ile haina kinyongo nao. Kwao, kando ya Bukavu, hata jirani akikuletea kikombe cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, huonja yeye mwenyewe kabla hajakupa. Asipoonja, unamshukuru sana, halafu unakumbuka ghafla kwamba kuna mahali unangojewa.

Kasiksi haikupatikana Brussels, au ilipatikana kwa majina tu. Badala yake, kwenye beseni la barafu zililala chupa za kijani alizopewa na Inès, mwenye mkahawa wa vyakula vya Kibaski, vya kaskazini mwa Uhispania, karibu na Porte de Namur. Émérance ameosha vyombo pale tangu Darlène akiwa darasa la kwanza. Chakoli, Inès aliiita divai hiyo, na ilikuwa ya kwao, nyeupe, kavu, yenye viputo vichache tu.

"Ni divai ya watu wasio na subira," Inès alimfundisha, akiwa amesimama katikati ya jiko na mkono juu kama mtu anayesimamisha basi. "Ukiimimina kutoka chini, inalala. Ukiimimina kutoka juu, inaamka. Kidogo tu kwenye glasi, na uinywe hapohapo. Utasikia tofaa bichi, limau, kisha chumvi kwa mbali, kwa sababu mizabibu yenyewe inatazama bahari. Haya, onja."

Émérance alikataa. Alikuwa amekataa miaka yote, si kwa dini, maana ni Mkatoliki na bia huwa hazimpigi chenga. Alikuwa ameiwekea siku yake. "Nitaionja siku ya kupokea wakwe," alisema. "Siku hiyo sitakuwa na njia ya kukataa." Inès alicheka. Siku ya mahari ilipopangwa, yeye mwenyewe alimbebea katoni nzima hadi kwenye kituo cha metro.

Jambo moja lisemwe wazi: Darlène hakutoka tumboni mwa Émérance. Alizaliwa na Laetitia, mdogo wake, ambaye alimwachia dada yake mtoto huyo wa miaka minne, kwa wiki chache tu, aende kujaribu bahati Montréal. Zile wiki ndizo zilizokuwa utoto wa Darlène. Émérance ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyekaa kwenye mikutano ya wazazi akiitikia Kifaransa ambacho nusu yake kilimpita juu ya kichwa. Kumwita maman, mtoto alianza mwenyewe, asubuhi moja akitafuta soksi, na hakuna aliyemsahihisha.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Aliingia Désiré, kaka yao wa mwisho, aliyechaguliwa kuisemea familia siku hiyo. Alikuwa amefunga tai vibaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, na ndivyo alivyomwita.

"Yaya, iko bien?"

"Iko bien. Bashafika?"

"Bako parking." Alitazama beseni, akatazama dirisha, akatazama kila kitu isipokuwa dada yake. "Yaya, kuna kitu... bon. Tutaongea."

"Kitu gani?"

Lakini alikuwa ameshatoka. Kabla Émérance hajaweka chupa chini, mlango ulifunguliwa tena, na hapo alisimama Laetitia, mnene kidogo kuliko kwenye simu, akinukia vizuri, mikono imekwisha kufunguka.

"Yaya wangu!"

Émérance alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Damu ni damu, na miaka kumi na tisa si mchezo. Alilia kidogo, akacheka, akamuuliza amefika lini na kwa nini hakusema, angempikia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Alipoachia ndipo akaona nguo.

Laetitia alivaa kitenge chekundu chenye maua ya dhahabu. Nyuma yake Darlène alivaa kilekile, kimeshonwa mtindo uleule, na lemba lilelile. Émérance alivaa cha kijani, kama shangazi wote na mabinamu. "Kijani njo inakufaa, maman," Darlène alikuwa amemwambia alipomletea, naye alifurahi kwamba mtoto anajali rangi inayomkaa.

Nguo haishonwi kwa siku moja. Vipimo vilitoka Montréal, kitambaa kilichaguliwa, fundi wa Matonge, mtaa wa Wakongo, alikata na kujaribisha, yote hayo hatua chache kutoka kwenye sinki ambalo Émérance alikuwa amezamisha mikono. Alijikaza. Pengine mtoto alitaka tu picha na mama yake mzazi, nani angemlaumu?

"Tantine," Darlène alisema, bila kumtazama sana, "utabaki karibu na chupa, ndiyo? Ni weye tu unajua kuimwanga."

Kamwe hakuwahi kumwita tantine, yaani shangazi; alimwita maman. Émérance aliitikia kwa kichwa, akatoa chupa moja barafuni.

Ukumbini wageni walikuwa wameketi, papa Marcel, baba wa Josias, katikati yao, mtu mrefu mwenye fimbo na tabasamu la kupendeza. Désiré alisalimia, akasifu, akatania kama ilivyotakiwa. Émérance alifungua chupa mbele ya macho ya wote. Aliinua mkono, uzi mweupe ukashuka bila kutupa hata tone, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Glasi ilikuwa mkononi mwake, viputo vikipanda, wakati Désiré aliposema:

"Alors, bazazi betu. Mbele ya kunywa, ni desturi yetu: mama wa binti aonje."

Mguu wa Émérance ulikwenda mbele wenyewe. Hakuuamuru. Ulikuwa umeingoja siku hiyo kuliko hata yeye.

Darlène aliinuka. Alikuja moja kwa moja, akapiga goti kidogo, akaipokea ile glasi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama Émérance alivyomfundisha kupokea vitu vya wakubwa. Kisha akageuka na kumpelekea Laetitia.

Laetitia alikunywa. Uso ukamkunjamana.

"Mon Dieu, ni acide!" alisema, akacheka, na watu wakacheka naye. Aliweka glasi mezani, ikabaki karibu imejaa. Hakuigusa tena.

Émérance akabaki mikono mitupu mbele ya watu, mguu mmoja mbele ya mwingine. Désiré alikuwa akisoma saa yake. Basi wote walijua. Kila mwenye kitenge cha kijani alijua, ila yeye. Walikuwa wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akawa anajipendezesha nayo.

Alifanya kitu pekee ambacho mikono yake ilikijua. Alimimina. Mgeni mmoja baada ya mwingine, mkono juu, mkono chini, na kila mmoja alipewa divai ikiwa ingali macho. Papa Marcel alionja, akafumba macho, akapiga ulimi.

"Hii inachoma ulimi muzuri," alisema. "Kama tunda ya marakuja haijaiva." Alimgeukia Darlène kwa upole wote. "Huyu maman, mulimutoa kwa restaurant gani? Anajua kazi yake."

Darlène alimtazama Josias. Alimtazama Laetitia.

"Ni tantine," alisema. "Anatusaidiaka."

Jikoni, Émérance alifungua bomba na kuanza kusuuza glasi ambazo hakuna aliyemwomba azisuuze. Aliumia, na aliumia mahali pamoja tu, chini ya titi la kushoto, kama mtu aliyekimbilia basi likamwacha. Nyuma yake ukumbi ulianza kuimba. Mlango ukafunguka na kujifunga, na sauti zikafifia.

"Maman."

"Miye ni tantine," alisema bila kugeuka.

"Usiseme vile." Darlène alikuwa amesimama karibu na friji, glasi mkononi. "Siku ya kwanza Josias aliniuliza mama yangu anafanyaka nini. Nikamwambia ni infirmière, anachungaka bagonjwa kule Canada. Haikukuwa bongo, sikudanganya, si ni kweli? Kisha akaambia baba yake. Kisha ikakuwa nguvu kugeuza."

"Ulisikia aibu juu yangu."

Darlène aliitazama glasi. Émérance alifunga bomba ili asikie vizuri, kisha akageuka.

"Na Désiré?"

"Alisema atakuambia yeye."

"Robe nyekundu zilishonwa wakati gani?"

"Tangu Pâques."

Tangu Pasaka. Jumapili zote hizo Darlène alikuja kula kwake, akabeba na mabaki kwenye sahani iliyofunikwa, akamwuliza kama amefanya mazoezi ya kumimina.

"Ungeniambia," Émérance alisema. "Ungekuja nyumbani, ukae kwa kiti, uniambie: maman, siku ile ataonja Laetitia. Ningelia usiku moja. Asubuhi ningekupikia, na ningekaa nyuma ya bote. Lakini uliniacha nisimame mbele ya batu na glasi mukononi. Uliniacha nitembee, Darlène."

"Pardon, maman." Machozi yalikuwa yakimharibia poda. Alisogea, akanyoosha ile glasi kwa mikono miwili. "Nimekuletea ya kwako. Nimeimwanga miye mwenyewe. Ulikuwa unaingojea. Onja."

Émérance aliitazama. Rangi yake ilikuwa ya majani mabichi kwa mbali, karibu na maji. Viputo vitatu vinne vilipanda, vikakaa ukingoni.

"Onja weye kwanza," alisema.

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kwa sauti ile ya upole anayopewa mgeni ambaye hujui ametokea wapi. Tangu Darlène ajue kushika kikombe, maneno hayo hayakuwahi kupita kati yao. Walikuwa wakinywa chai kutoka kikombe kimoja, na hakuna aliyewahi kufikiria nani atangulie.

Darlène alielewa. Kutoka ukumbini Désiré alipaza sauti, "Mama wa binti iko wapi? Picha!" na viatu vya Laetitia vikasikika vikikatiza sakafu haraka, vikienda kulikoitwa.

Darlène hakugeuka. Aliinua glasi polepole kwa mikono yote miwili hadi midomoni, na juu ya ukingo wake alimtazama Émérance, aliyekuwa akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akingoja.