Jaribio la Taa Barazani kwa Ramula

Mkanda wa taa haupimwi ukiwa umekunjwa mezani. Ukikunjwa, kila mkanda ni mzuri. Ubaya wake huonekana ukinyooshwa urefu wake wote na kuwashwa mweupe, kwa sababu hapo ndipo umeme huchoka njiani. Ndiyo maana Tamim alitafuta nyumba yenye upenu mrefu, na mrefu kuliko zote alizozijua ulikuwa wa shangazi yake, Ramula, pale Namakwekwe, Mbale.

Nilitoka Jinja asubuhi kuja kumsaidia kuchagua. Kazi yenyewe ilikuwa ya Mama Namukose, mwenye ukumbi wa harusi huko Buwenge, ambaye alitaka dari yake itembee: rangi ianzie mlangoni, imfuate bibi harusi hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti chake. Kwa kazi kama hiyo unahitaji mkanda ambao kila taa ina chipu yake na namba yake, na hupokea amri yake peke yake. Mikanda ya aina hiyo ni mingi, na wauzaji huisifu yote kwa maneno yaleyale. Tamim alikuwa ameagiza mitatu ya kujaribu.

Hiyo ndiyo sababu ya safari niliyompa baba. Haikuwa uongo, ila haikuwa yote. Jumapili wazee wa Siraj, mfanyabiashara wa magodoro, walitarajiwa nyumbani kwetu Mpumudde kuja kuniposa, na baba alitaka jibu langu kabla hawajafika. Siraj hana kasoro ninayoweza kuitaja. Tamim naye, tangu tulipomaliza chuo, alikuwa akinipigia simu karibu kila jioni kuniuliza mambo ya volti, mambo anayoyajua vizuri kama mimi, na hakuwahi kuniuliza kitu kingine. Niliamua hivi: akisema siku hiyo, vizuri. Asiposema, nitarudi nimwambie baba wazee waje.

Tulipotoka kuswali magharibi, giza lilikuwa limetosha. Tamim alipanda ngazi, akatundika mkanda wa kwanza, wa volti tano. Mimi nilikaa barazani na kidhibiti mkononi. Nilipowasha, nyekundu na bluu na kijani zikaanza kukimbizana upenuni toka pembe hadi pembe. Ramula akatoka jikoni na mwiko.

"Ya salaam! Tamim, hii ni nyumba yangu au hoteli?"

"Subiri, shangazi. Sasa nyeupe."

Nikaweka nyeupe. Karibu na waya wa umeme taa zilikuwa nyeupe kama maziwa. Katikati zikawa chai ya maziwa. Pembeni kabisa zilikuwa kitu kingine.

"Hizo za mwisho ziko na homa ya manjano," Ramula alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

"Volti imeanguka," nikasema.

"Tunaweza kuingiza umeme pande zote mbili."

"Na katikati pia. Dari ya Mama Namukose ni ndefu mara mbili ya hapa. Utaijaza waya mpaka ionekane kama kichaka."

"Swabrah, wewe huna huruma."

"Mkanda ndio hauna."

Alicheka mpaka ngazi ikayumba. Nililiangalia jambo hilo kwa makini: alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Hapo ndipo tuliposikia vigelegele getini. Aliingia mwanamke mnene, kajifunga gurbaba, nguo yake ya sherehe, amekumbatia mfuko wa sukari. Alikuwa Aminah, jirani wa ukuta mmoja.

"Ramula! Wewe na mimi tumekula pamoja tangu utoto. Unafanya harusi, na mimi napata habari kwa taa?"

Kosa letu lilikuwa rahisi. Tulikuwa tumefikiria volti, urefu na unyevu, na hatukumfikiria mtu anayepita njiani. Kwa watu wa mtaa ule, taa za rangi upenuni zina maana moja. Kabla Ramula hajafungua kinywa, nyuma ya Aminah walikuwa wamefika wengine, na kila mmoja alikuwa na chake mkononi: sukari, majani ya chai, na mmoja ngoma.

Mimi huamini kwamba jambo likielezwa sawasawa, huisha. Nikasimama.

"Hakuna harusi," nikasema. "Tunachagua taa."

"Taa ya nini?" Aminah akauliza.

"Ya ukumbi wa harusi."

Akawageukia wenzake. "Si mnasikia? Harusi! Amesema yeye mwenyewe!"

"Ya watu wengine, mama. Iko Buwenge."

"Buwenge iko mbali, binti yangu. Taa iko hapa."

Ngoma ikaanza. Nilimtazama Tamim ashuke anisaidie. Badala ya kushuka, akatundika mkanda wa pili. Nilipomuuliza baadaye, alisema mikono yake ilitaka kazi.

Mkanda wa pili ulikuwa wa volti kumi na mbili, na nyeupe yake ilifika mwisho bila kuugua. Lakini mikanda mingi ya aina ile ina siri ambayo muuzaji haisemi: taa tatu hutumia chipu moja. Rangi haikutembea. Iliruka, taa tatu kwa mara moja. Wanawake waliokuwa wakicheza kwa duara waliiona, nao wakaanza kuruka.

"Hii taa ni chura!" mmoja akapiga kelele.

"Huu haufai!" nikamwambia Tamim, kwa sauti kubwa ili anisikie.

"Haufai!" akajibu kutoka juu.

"Haufai! Haufai!" wakaitikia wote, wakiruka, wakidhani ni wimbo. Aminah alicheka akakosa pumzi, akaketi juu ya sukari yake mwenyewe. Mpiga ngoma akapoteza mdundo. Nilijaribu kubaki na uso wa kazi, nikashindwa.

Wa tatu ulikuwa pia wa volti kumi na mbili, lakini kila taa ilikuwa na chipu yake. Nyeupe ikafika mwisho. Rangi ikatembea, taratibu, moja baada ya moja. Likabaki swali moja. Katika mikanda ya kawaida amri, yaani data, hupita toka taa hadi taa, na njia ikikatika, zote za mbele hunyamaza. Muuzaji wa huu wa tatu alidai kwamba una njia ya akiba. Madai si ushahidi. Nikamrushia Tamim wembe ukiwa ndani ya karatasi yake.

"Kata njia moja ya data hapo katikati."

"Nikate? Ni mpya!"

"Kata!"

"Kata!" wakadakia wanawake.

Akakata. Rangi ikaja, ikafika penye jeraha, ikapita kama vile hakuna kilichotokea, ikaendelea hadi mwisho wa nyumba. Mimi si mtu wa kelele. Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Aminah, naye akapiga vigelegele virefu kwa ajili ya njia ya akiba ya data, asijue ni nini.

Kisha akanishika mabega.

"Basi. Bibi harusi ni nani?"

Ngoma ikanyamaza. Ramula alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

"Swali nzuri," alisema. "Mimi sijui. Mimi nimepika tu. Uliza huyo wa juu."

"Sukari ikiingia nyumba ya harusi hairudi," Aminah akamwambia wa juu. "Nikirudi nayo, nitasema nini kwangu? Nimecheza bure? Teremka, afande! Mwanaume hasemi juu ya ngazi."

Tamim akateremka. Alisimama mbele yangu, mkanda wa pili umemzunguka shingoni, uso wake ukigeuka kijani, bluu, zambarau kwa mwanga wa upenuni.

"Swabrah. Huu wa tatu..."

"Aaaa!" wanawake wakaguna.

"...huu wa tatu nilijua tangu mwanzo kwamba ndio unaofaa. Nilisoma maelezo yake yote kabla sijauagiza. Hiyo mingine hatukuhitaji kuijaribu."

"Sasa uliniita Mbale kwa nini?"

"Nilitaka uje."

"Hilo si swali."

"Kweli, si swali." Akafuta jasho. "Swali ni, unaweza kuolewa na mimi?"

"Kuweza ninaweza. Uliza kama nataka."

"Unataka?"

"Nataka. Tangu chuoni. Lakini Jumapili wazee wa mtu mwingine wanakuja kwetu, na baba yangu hajawahi kukuona."

Sidhani kama waliisikia sentensi ya mwisho. Kelele zilizoinuka pale ziliwatoa mbwa wa mtaa wa pili. Mtu mmoja tu hakupiga kelele: Ramula. Alinipa simu yangu, iliyokuwa juu ya meza.

"Piga. Sasa hivi."

Baba, Mzee Isabirye, alipokea mara moja.

"Swabrah, hizo kelele ni za nini? Uko salama?"

"Niko salama, Baba. Jibu la Siraj ni hapana."

"Eh. Na hiyo ngoma?"

"Hiyo ndiyo sababu."

"Sababu ina jina?" akauliza.

"Tamim."

"Yule wa volti?"

Sikujua kwamba alijua. Kumbe ukuta wa chumba changu ni mwembamba.

"Anaswali?"

"Ametoka kuswali sasa hivi, Baba."

"Nipe mkubwa wake."

Nikampa Ramula simu. Alifuta mkono, akaweka gurbaba yake sawa kana kwamba baba anamwona, akasogea pembeni ya mlango.

"Salaam aleikum, mzee. Hapana, mzee, harusi hakuna. Bado. Hawa wameona taa tu." Akasikiliza. "Ndiyo. Kabla ya hao wengine, ndiyo. Jumamosi tutafika, inshallah." Akasikiliza tena. "Watu ngapi?"

Akautazama ua. Duara lilikuwa limefika getini, limeingiza wapita njia wawili na mwenye boda boda, na Tamim alikuwa katikati akiwaka rangi zote.

"Wachache, mzee," alisema. "Wachache tu."