Kibao cha Tatu

Msomaji, ukiona nchi hii inafanana na mahali unapopajua, usinitazame mimi. Mimi nasimulia tu habari za Ufalme wa Kiini, ambao haumo katika ramani yoyote.

Katika Kiini, kazi zote za nchi zilifanyika chini ya ikulu, ndani ya Tanuri Kuu. Humo mlikuwa na mabanda manane ya wafuaji, na kila kilichohitajika huko juu, kuanzia sufuria za wapishi hadi saa za mnarani, kilifuliwa humo. Baina ya ikulu na Tanuri palikuwa na Dirisha moja tu, na mila ya Dirisha ilikuwa kali: hapasemwi neno. Kila amri ilichongwa kwenye kibao cha mbao, ikateremshwa kwa kamba. Kulikuwa na kibao cha kukaza moto, cha kulegeza, cha kusinzia na cha kulala kabisa. Jambo lisilo na kibao lilihesabiwa kuwa halipo, na aliyelitaja barazani alichekwa.

Mtunza vibao kwa miaka ishirini alikuwa Waziri wa Moto, na heshima yake yote ilikuwa kigoda kifupi cha mpingo kilichowekwa mkono wa kulia wa Mfalme. Hakikuwa na nakshi wala mto. Waziri alikipenda kuliko alivyowapenda wanawe, na wanawe walilijua hilo.

Sasa, kila Tanuri lilipojengwa upya vibao navyo vilibadilika, na ikulu nzima ikalazimika kujifunza upya. Mfalme akachoka. Akaamuru vichongwe vibao vitakavyofaa kwa Tanuri lolote: ikulu iseme inachotaka, na tarishi wa Dirisha ndiye ajue namna ya kulifikishia Tanuri la siku hiyo. Kazi hiyo akawapa wawili, Waziri wa Moto na Bi Mpepea, mkuu wa mapangaboi ya ukuta wa nyuma, mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga barazani.

Siku ya kuonyesha kazi, Waziri alileta vibao vyake vilevile vinne, vimepigwa msasa. Bi Mpepea alileta rasimu ya kurasa tisa, pamoja na vibao vitatu vya aina isiyowahi kuonekana, kwa kuwa hivyo havikushuka, vilipanda. Cha kwanza kilisema joto limeanza. Cha pili, joto limezidi. Cha tatu, joto linakaribia kuua. Tena alimpa Mfalme hiari: joto likipanda, ama mapangaboi yazungushwe kwa nguvu na kelele zivumiliwe, ama wafuaji wapunguze kasi na ikulu ibaki kimya.

Mfalme, aliyependa usingizi wake wa mchana, alicheka kwa raha. "Huyu ni mtu wa kwanza kukumbuka kwamba nina masikio," akasema, akamwambia akae. Waziri alikuwa amesimama na vibao vyake mkononi. Kigoda kilichokuwa wazi ni kile cha mpingo, na Bi Mpepea akakikalia bila kujua amefanya nini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia aondoke.

Waziri aliichukua rasimu nyumbani ili aitafutie kosa. Akasoma ukurasa wa kwanza, hakuona. Akasoma wa pili, wa tatu. Mwandiko ulikuwa safi, na kila swali alilolitunga kichwani alikuta limejibiwa mstari uliofuata. Roho ilimuuma kama jino bovu. Alipofika ukurasa wa sita hakuweza kuendelea. Akaisukuma rasimu uvunguni mwa kitanda, akakaa akitazama ukuta.

Barazani alisimama kwa adabu zote. "Mtukufu, tangu lini Tanuri likamwandikia Mfalme? Leo wataandika joto, kesho wataandika njaa." Mawaziri wakatazamana, maana kila mmoja alikuwa na njaa fulani aliyoificha. Ikakubaliwa kwamba vibao vya kupanda viishie kwa Waziri wa Moto, naye ndiye atakayepima, na mapangaboi yasizungushwe mpaka yeye atoe kibao cha kuyazungusha. Alipoona mambo yanamwendea vizuri akaongeza la mwisho. Bi Mpepea alikuwa amepanga kibao cha tatu kipande joto likifika alama ya arobaini. Waziri aliomba iwe hamsini, akidai wafuaji ni watu wa kulialia. Alichotaka hasa ni kwamba mwanamke yule ahitajiwe mara chache, hadi asahaulike.

Bi Mpepea akainuka. "Mtukufu, arobaini si namba ya kubuni. Sababu yake iko ukurasa wa mwisho."

Mfalme akamgeukia Waziri, akamuuliza kama ameusoma.

"Nimeisoma yote," akasema Waziri. Hamsini ikapita.

Ikaja sikukuu ya Mfalme. Akaamuru mabanda yote manane yakaze moto, ifuliwe kengele kubwa yenye jina lake, ilie kabla jua halijatua. Kibao cha kwanza kilipanda asubuhi. Waziri, ambaye siku hizi alikaa mkekani, akakisukuma chini ya takia lake. Kibao cha pili kikapanda, kikaenda kukaa na mwenzake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ukumbi upate joto, Mfalme atoke jasho, aulize mapangaboi yana kazi gani, Bi Mpepea aumbuke mbele ya wageni. Kisha kibao cha tatu kitapanda, naye Waziri atainua mkono, ataokoa nchi, atarudi kwenye kigoda chake. Hotuba alikwisha kuitunga.

Kule chini wafuaji walianza kuanguka, wakivutwa kando na wenzao. Kibao cha pili kilipandishwa tena, na tena.

Bi Mpepea alimjia Waziri, kilemba kimelowa. "Mheshimiwa, hakuna kibao?"

"Hakuna."

"Sakafu inaniunguza nyayo."

"Sakafu si kibao," Waziri akamjibu, na utamu wa maneno hayo ukamjaa kinywani.

Joto likapita arobaini. Likapita arobaini na mbili, na tatu. Waziri aliendelea kulitazama Dirisha akikisubiri kibao chake. Lilipofika arobaini na tano likatokea jambo lisilo na kibao. Wajenzi wa matanuri, tangu zamani, waliweka kwenye dari ya kila Tanuri kizibo cha madini ya risasi, na juu yake tangi la maji. Kizibo hakiombi ruhusa kwa mtu. Moto ukizidi kinayeyuka. Kikayeyuka. Maji yakashuka yote kwa pamoja, mvuke ukafoka Dirishani, kisha kukawa kimya. Saa za mnarani, zilizoendeshwa na moto wa Tanuri, zikasimama. Habari hii yote ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko safi, ukurasa wa tisa.

Wafuaji wakapanda kwa ngazi ya kuteremshia makaa, ambayo watu wa baraza hawakuwahi kuikanyaga, mia nane, wamelowa, wakajaa ukumbini. Fundi Mkuu wao, mzee asiye na nyusi, hakuinama wala hakupaza sauti. "Mtukufu, tulikuandikia mara nne."

Mfalme akasema hakupata hata kimoja. Bi Mpepea akaona pembe ya kibao imechomoza chini ya takia la Waziri, akainama, akalinyanyua. Vilikuwa vinne.

Waziri akajitetea kwamba alikuwa akisubiri cha tatu.

"Cha tatu mlikiweka mahali ambapo sisi tungekuwa tumeshakufa," akasema Fundi Mkuu. Akaeleza kwamba moto utawashwa siku vibao vitakapoacha kuishia chini ya takia la mtu, na anayetaka mazungumzo ateremke, kwa kuwa wao wamekwisha panda vya kutosha.

 Mfalme akavua taji, maana ngazi ya makaa ina dari fupi, akashuka. Bi Mpepea akaacha kigoda, akamfuata, na baraza lote nyuma yao. Kama alirudi juu akiwa bado Mfalme, watu wa Kiini kila mmoja anasimulia lake.

Waziri alibaki peke yake. Kigoda cha mpingo kilikuwa wazi. Akakikalia; kilikuwa baridi. Kutoka Dirishani alimsikia Bi Mpepea akisoma ukurasa wa tisa, Mfalme akiuliza, wafuaji wakijibu kwa midomo yao wenyewe. Alikuwa amekipata alichokitaka na ukumbini hakukubaki mtu wa yeye kumwonea kijicho. Lakini akizisikiliza sauti zile alihisi wivu unampanda upya, na safari hii aliwaonea wivu watu waliolowa maji.