Hakuna Ethel Kijijini Hapa

Felix Edmund alikuwa mwandishi wa programu hodari, na kasoro yake kila mtu ofisini aliijua isipokuwa yeye mwenyewe. Akishaunda kitu kikafanya kazi mbele ya macho yake, hataki tena kuulizwa. Ukimuuliza swali anavuta mdomo. Ukiongeza jingine anavaa vipokea sauti masikioni, na mazungumzo yameishia hapo.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Masasi mjini. Glory ndiye aliyekuwa kiongozi na ndiye aliyezungumza na wafadhili. Felix aliandika programu. Ziada, binti wa Newala, alikuwa mjaribu, maana yake alilipwa ili aitafute kasoro kwenye kazi ya Felix, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka huo walikuwa wanatengeneza mfumo wa kuita pikipiki kwa ajili ya wajawazito wa vijiji vya Newala. Mama akishikwa na uchungu anapiga namba moja tu, na dereva wa bodaboda aliye karibu anapata ujumbe wa kumfuata.

Ukutani walikuwa wamebandika vikaratasi vya njano. Kila kikaratasi kilibeba hadithi ya mtumiaji, nayo ni sentensi moja inayosema nani anataka nini na kwa nini. Cha katikati kilisema: "Mimi mjamzito nataka pikipiki inifikie nyumbani, ili nijifungulie mikononi mwa mkunga." Chini yake viliorodheshwa vigezo, mambo ambayo yakitimia, hadithi inahesabiwa imekubaliwa na timu inasonga mbele. Felix alikipenda kikaratasi hicho kuliko vyote, kwa sababu alipokiandika alikuwa anamfikiria mdogo wake. Ethel alikuwa ameolewa kijiji kimoja nje kidogo ya Newala. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiani, mama akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, na mtoto yule hakuwahi kulia wala kupewa jina. Sasa Ethel alikuwa na mimba nyingine, tena kubwa, na Felix alikuwa amemwahidi mama yao kwa kinywa chake kwamba safari hii pikipiki itafika.

Kigezo kimoja kilizua ubishi. Felix aliandika kwamba jina la mama analotumiwa dereva liwe kama lilivyo kwenye kadi ya kliniki.

"Kwa nini kadi?" Ziada aliuliza.

"Kwa sababu la kwenye kadi halina utata. Limeandikwa, limekwisha."

"Na dereva akilipata atalifanyia nini?"

"Ataulizia, Ziada. Si ana mdomo?"

Ziada alifungua kinywa aulize tena, na Felix akavaa vipokea sauti vyake.

Mfumo ulipokamilika, kila kigezo kilikuwa na alama ya kijani kwenye kompyuta. Wafadhili walitarajiwa Ijumaa. Ziada akasema hatatia alama yake ya mwisho ya kukubali mpaka waende kujaribu kwa mtu wa kweli, kwenye nyumba ya kweli. Felix akasema kama ni hivyo twendeni kwa mdogo wangu, mkaone wenyewe. Alilisema kwa kiburi, na njia nzima ya kupanda Newala alikuwa anapiga mluzi.

Ulikuwa msimu wa korosho. Kijiji kilikuwa kimya, watu wako mashambani wanaokota, na nyumba nyingi zilikuwa na milango iliyoegeshwa tu na korosho zilizoanikwa uani. Ethel aliwapokea kwa furaha, akakalia mkeka barazani huku ameegemeza mgongo ukutani. Ziada akatoa sharti: simu ikishapigwa, hakuna mtu wa kumsaidia dereva. Hakuna kumpigia, hakuna kutoka barabarani kumpungia mkono.

Ethel akapiga ile namba. Ujumbe ukaenda. Dereva, kijana wa Newala mjini aitwaye Jafari, akajibu palepale kwamba anakuja. Felix akamtazama Ziada kwa jicho la mtu aliyekwisha kushinda.

Punde wakausikia mlio wa pikipiki ukiingia kijijini. Ukasogea, ukawa karibu kabisa, ukapita. Ukafifia kuelekea kanisani. Ethel akageuza shingo.

"Kaka, si ndiye yule?"

"Ndiye. Anageuza sasa hivi."

Kweli aligeuza. Ukaja tena, ukasimama mahali fulani dukani, wakasikia sauti za watu wakijibizana, kisha ukaondoka kwa upande wa pili. Felix akainuka.

"Kaa chini," Ziada akasema.

"Anapotea, Ziada! Nyumba hii hapa, anapotea!"

"Siku yenyewe wewe utakuwa Masasi. Kaa chini, ndugu yangu."

Akakaa. Lakini kukaa kwenyewe kulikuwa mateso. Mlio ulikuja na kuondoka, ulikuja na kuondoka, na kila ulipoondoka Felix alikuwa anaona baiskeli. Alimtazama mdogo wake, akaona mkono wake uko juu ya tumbo na uso umebadilika, na akajua kwamba hata yeye anaiona. Mwishowe mlio ukafifia moja kwa moja, na simu ya Ziada ikaita. Ulikuwa ujumbe wa Jafari: mama huyo hayupo kijiji hiki, narudi mjini.

Felix alitoka mbio mpaka dukani. Mwenye duka, Mama Faidha, alikuwa anapanga sabuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, huyo wa pikipiki amekuuliza nini?"

"Ameuliza Ethel Edmund. Nimemwambia hakuna Ethel kijijini hapa. Mimi nimezeeka hapa, Ethel simjui."

"Anakaa hapo nyuma yako! Nyumba ile yenye bati jipya!"

Mama Faidha akageuka, akaitazama nyumba, akamtazama Felix kama anayemwonea huruma. "Pale? Pale si kwa Mama Mdogo wa kina Nikolao! Asubuhi ya leo amenunua chumvi hapa. Sasa Mama Mdogo mnamwita Ethel, nani atamjua?"

Ndivyo ilivyokuwa. Watoto wa shemeji yake Ethel, Nikolao na wenzake, walimwita mama mdogo tangu siku alipoolewa, na kijiji kizima kikafuata. Hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, na kumwita mke wa mtu kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu. Felix alikuwa amezaliwa Lulindi, vijijini Masasi, amekulia humo humo kwenye adabu hiyo, na kigezo alikuwa amekiandika kama mtu aliyeshuka jana kutoka mawinguni.

Kurudi Masasi hakupiga mluzi. Kesho yake asubuhi Glory alikwisha panga kila kitu cha Ijumaa.

"Vigezo vimetimia vyote," alisema. "Jina lilitoka kama lilivyo kwenye kadi. Kilichoandikwa kimefanyika. Tuonyeshe, mengine tutarekebisha baadaye."

Ziada akakitazama kile kikaratasi ukutani, na macho yake yalimuuma Felix kuliko swali lolote. Wakati huo huo mama wa chapati wa pale chini akapanda na sahani yao, kama kawaida yake, akaiweka mezani, akaondoka.

"Glory," Felix akasema, "mama huyu anaitwa nani?"

"Mama Loveness."

"Jina lake."

Hilo Glory hakulijua. Mwaka mzima walikuwa wanakula chapati za mtu huyo.

Felix akaenda ukutani akakibandua kile kikaratasi alichokipenda, akakichana. Ijumaa, mbele ya wafadhili, ni yeye aliyesimama akasema kwamba kazi haijakamilika, na kwamba kosa ni la kigezo alichokiandika yeye kwa mkono wake. Mmoja alikunja uso. Mwingine, daktari mstaafu, akauliza wanahitaji nini, na Glory, ambaye hakuwa amefurahi hata kidogo, akajibu vizuri mno: wanahitaji muda, na wahudumu wa afya wa vijiji wapite upya kwa kila mjamzito kumuuliza anavyoitwa kijijini. Muda walipewa, lakini si mwingi. Tumbo la Ethel nalo halikuwa na habari za wafadhili.

Kikaratasi kipya kiliandikwa na wote watatu. Hadithi ilibaki vilevile. Chini yake sasa kulisomeka: "Mtu wa kwanza atakayeulizwa kijijini aweze kuonyesha nyumba." Ziada akaongeza kigezo kingine, kwamba mtu akibadilisha jina analojulikana nalo, mfumo ulipokee siku hiyo hiyo.

"Mtu mzima atabadilishaje jina?" Felix akauliza.

"We subiri," Ziada akasema, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekataa kujibu.

Simu ilikuja asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto. Kwenye kompyuta ya Felix yakatokea maneno haya: Mama Mdogo wa kina Nikolao, nyuma ya duka la Mama Faidha. Felix akasimama. Jafari akajibu anakwenda. Kisha: nimefika mlangoni. Kisha: nimempakia, tunakwenda polepole. Kisha: tumefika, mkunga amempokea. Baada ya hapo kompyuta haikuwa na la kusema zaidi, na chai ikapoa hivyo hivyo. Ziada alikaa karibu naye bila kumuuliza kitu.

Mchana simu ya Felix ikaita. Alikuwa Fortunatus, mume wa Ethel, mtu aliyemwita shemeji miaka yote.

"Mjomba!" Fortunatus akapaza sauti. "Mjomba, hujambo?"

Hakuna aliyewahi kumwita Felix hivyo.

"Mtoto amelia?" akauliza.

"Amelia? Mpaka sasa hajanyamaza! Ethel mzima, anakusalimu. Tumempa jina la baba yenu."

Marehemu baba yao alikuwa Edmund. Felix akakaa chini akalia waziwazi mbele ya wenzake, wala hakuona haya.

Hata hakuwa amepangusa uso vizuri, ujumbe wa mhudumu wa afya wa kijiji ukaingia: naomba mbadilishe jina, huyu sasa ni Mama Edmund. Felix akalibadilisha herufi moja moja. Ziada, kwa kuwa mjaribu hasinzii, akampigia Mama Faidha dukani na kuiweka simu kwa sauti ya nje ili wote wasikie.

"Shikamoo mama. Samahani, natafuta kwa Mama Edmund."

"Marahaba. Kwa Mama Edmund ni hapa nyuma yangu, mwanangu, penye bati jipya. Njoo tu, nani asiyemjua?"

Ziada akaitia hadithi alama yake ya mwisho.